Mugi na Mkeka wa Sita

Yatsushiro, 12 Aprili 1996

Nahoko mwanangu,

Habari za huko Okayama? Sisi huku wazima, mimi na Yone. Goti langu la kushoto linalalamika kila nikichuchumaa, ila nimeshazoea kutolisikiliza. Mkwe wangu Shunpei hajambo? Na mjukuu wangu Wakana, meno ya mbele yameota?

Nakuandikia kwa sababu simu inanikoromea tu sikioni, na wewe ukipaza sauti nadhani kuna msiba. Kwa hiyo nijibu kwa karatasi, tafadhali. Asanteni kwa kuja kwenye kumbukumbu ya mama yako. Miaka miwili sasa, na bado nikitoka karakanani namwekea kikombe chake mezani kabla sijakumbuka.

Mlipoondoka na yule mtoto wa mbwa ndani ya boksi la machungwa, Yone alikaa mlangoni mpaka jioni. Mama ni mama. Watoto wake wengine watatu wamechukuliwa na watu wa hapa hapa, hao anawaona. Huyo wenu ndiye amekwenda mbali.

Siku za kwanza atalia. Chukua saa ile ya mezani, izungushie taulo, mwekee kwenye boksi lake, atadhani ni moyo wa mama yake. Mpe wali laini na supu ya dagaa, usimpe maziwa ya ng'ombe. Usimpige hata kidogo. Na suala la choo lisikunyime usingizi. Katika watoto wanne wa Yone, huyu ndiye wa kwanza kujua pa kwenda. Nimewafundisha mimi mwenyewe, na kazi yangu unaijua.

Mmempa jina gani?

Baba yako


Okayama, 20 Aprili

Kwako Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limetulia. Sisi hatujambo. Meno ya Wakana yameota, moja limetangulia, jingine linasita.

Mbwa anaitwa Mugi, kama ile shayiri. Wakana anasema ana rangi ya chai ya shayiri. Alitapika mara mbili njiani, mara ya pili ndani ya kiatu cha Shunpei, kwa hiyo walianza urafiki wao vibaya. Saa nimemwekea. Alilia siku mbili, ya tatu akanyamaza, ya nne akaitafuna taulo.

Shunpei amekubali akae, ila ametoa sharti. Unajua nyumba hii tuna miaka mitatu tu tangu tuijenge, na sakafu ya mbao yeye anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Amesema mwisho wa mwezi wa sita Mugi awe anajua choo, la sivyo anarudi Yatsushiro. Wakana aliposikia aliingia chini ya meza na hakutoka mpaka tulipompelekea chakula huko huko. Nimetandaza magazeti jikoni na ukumbini.

Lakini usiwe na shaka, Baba. Anaendelea vizuri.

Binti yako,
Nahoko


Yatsushiro, 2 Mei

Nahoko mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi mzima. Mafunjo shambani yameanza kurefuka, na upepo ukipita kijiji kizima kinanukia mikeka mipya.

Barua yako nimeisoma mara tatu, nikampelekea Ogata kinyozi akaisoma na wateja wake. Nilimwambia, "Ogata, wewe mbwa wako ana miaka sita na bado anakojolea nguzo ya taa ya ndani ya nyumba. Wangu ana miezi miwili!" Alininyoa vibaya kwa hasira. Angalia sasa, kisogo changu kina ngazi.

Mwambie Shunpei kwamba mbwa aliyelelewa kwenye karakana ya mikeka ya tatami hana ubishi. Mbao zake zitabaki salama.

Na ile mikeka sita ya chumba chako, bado inanukia? Chumba kikifungwa sana mikeka inapata ukungu. Fungua madirisha. Hasa ule wa sita, wa karibu na mlango wa uani, ndio unaopata unyevu.

Baba yako


Okayama, 15 Mei

Kwako Baba,

Pole kwa kisogo. Sisi wazima. Shunpei ana mafua kidogo, lakini anapiga chafya kana kwamba anaaga dunia.

Mugi anakua. Sikio moja limesimama. Choo ni kama nilivyokwambia, hakuna tatizo. Chumba cha tatami nakifungulia madirisha kila asubuhi. Naweka chai mbele ya picha ya mama, nachoma udi, kisha nakaa kidogo kwenye ule mkeka wa sita na kupitisha kidole kwenye pindo la kitambaa aliloshona mama. Najua alilishona mwezi wake wa mwisho nyumbani, na bado mishono imenyooka vile. Watu wananiuliza kama ni mashine. Nawajibu kwa fahari. Huo ndio mkono wa mama niliobaki nao.

Wakana amekuchorea Mugi. Nampa bahasha aifunge na kuitia posta mwenyewe, siku hizi anajiona mkubwa.

Binti yako,
Nahoko

(Nyuma ya mchoro, kwa penseli)

Babu, huyu ni Mugi. Mama amesema uongo. Mugi anakojoa kwenye tatami ya bibi kila siku, palepale pembeni. Gazeti hataki, analichana tu. Mama anasugua anasugua halafu anaenda kulia bafuni anafungua maji tusisikie ila tunasikia. Baba amezungushia duara tarehe 30 kwenye kalenda. Usimwambie mama nimesema. Wakana.


Yatsushiro, 19 Mei

Nahoko,

Salamu utazipata mwisho wa barua, kwanza tuzungumze.

Mchoro nimeupata, mzuri sana. Nimeugeuza pia. Usimguse mtoto. Ukimfokea nitapanda treni, hata na goti hili.

Umenificha mwezi mzima! Na mimi nimetangaza mji mzima. Ogata amenicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja. Haya, hilo limepita. Sasa nijibu, au usijibu, maana majibu ninayo. Anakojoa kwenye chumba cha mikeka tu, sivyo? Sakafu ya Shunpei hajaigusa. Anafika, ananusa, anazunguka mara mbili, anafanya, kisha anakuangalia huku anatikisa mkia akingoja umsifu. Nimekosea?

Nahoko, kosa ni langu. Nilipokaa na barua yako nikaangalia pembeni ya mlango wa nyuma wa karakana, nikaona aibu peke yangu. Unakumbuka ninapokata ncha za mafunjo mkeka ukishakamilika? Yale mabaki nayakusanya kwenye mlango wa nyuma. Hapo ndipo nilipowafundisha watoto wa Yone. Kila wakimaliza kula nawabeba mmoja mmoja, nawaweka juu ya mafunjo, nasema "haya, haya", na akifanya nampa dagaa. Nimefanya hivyo kwa mbwa wote maishani mwangu. Hakuna aliyewahi kuhamia kwenye nyumba ya watu wenye adabu, kwa hiyo sikuwaza.

Sasa mtoto wa watu amefika kwako. Mbao huku, mbao kule. Amezunguka nyumba nzima akitafuta choo, mwishowe akafungua pua akakipata: chumba kizima cha mafunjo safi, na karibu na mlango wa nyuma kama kwetu! Alifurahi sana. Tangu siku hiyo anafanya kile kile alichofundishwa, na kila siku anafokewa. Huyo mbwa ana utii kuliko wewe na mimi.

Nimetuma gunia la mabaki ya mafunjo. Weka uani, karibu na mlango. Funga kile chumba. Akiamka mpeleke, akila mpeleke, akimaliza kucheza mpeleke. Sema "haya, haya" kwa sauti nzito kama yangu. Akifanya, msifu mpaka majirani washangae.

Hamjambo? Mimi mzima.

Baba yako


Okayama, 8 Juni

Kwako Baba,

Natumaini u mzima. Wakana sikumfokea. Nilimkumbatia, akadhani amepona, kisha nikamnyima keki siku mbili.

Gunia lilifika. Siku ya kwanza Mugi alipoyanusa yale mafunjo alilala juu yake akalia. Siku ya tatu akafanya palepale uani. Wakana alipiga makofi, Shunpei akatoka na soksi tu, mimi nikasema "haya, haya" mpaka jirani akauliza kama kuna mgonjwa. Siku tano mfululizo, Baba. Nilianza kuota kwamba tumeshinda.

Kisha mvua za mwezi wa sita zikaanza. Mafunjo yakalowa, Mugi akayanusa akakunja uso, akarudi mlangoni akatetemeka. Jana Wakana alisahau kuvuta mlango wa chumba. Mugi akaingia. Mkeka wa sita, pindo lile lile.

Baba, nikwambie ukweli wote. Lile pindo limeharibika. Tangu mwezi wa nne nimelisugua kwa siki, na kwa majani ya chai, na kwa dawa ya dukani. Rangi ya bluu imetoka, imekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Uzi umeanza kufumka. Mama alikaa na maumivu yale, akanishonea kitu, na mimi nimeshindwa kukitunza hata miaka mitatu. Jana nilimshika Mugi shingoni nikainua mkono. Sikumpiga, ila niliinua. Alijikunja akakojoa tena kwa woga. Wakana aliniona. Hajasema na mimi tangu jana, hata chai hakuinywa mbele yangu.

Nimechoka. Simchukii Mugi, na wewe sikulaumu. Lakini kila nikimtazama naliona pindo. Siwezi kumpoteza mama mara mbili. Tarehe 30 ni Jumapili, tutakuja na gari, tutamrudisha. Wakana bado sijamwambia.

Nisamehe.

Nahoko


Okayama, 19 Juni

Kwako Baba,

U mzima kweli? Sijapata jibu. Nimepiga simu mara nne, inaita tu. Nikampigia Ogata kinyozi, amesema karakana imefungwa kwa ndani na taa inawaka, na ulipomfungulia ulimwambia aende akanyoe watu. Umekasirika?

Ukikasirika niambie. Kimya chako kinanitisha kuliko maneno.

Binti yako


Yatsushiro, 23 Juni

Nahoko mwanangu,

Nisamehe kwa kimya. Mimi mzima, macho tu yamechoka. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na kazi, na kabla ya kazi nilikuwa na woga.

Keti chini usome.

Pindo lile hakulishona mama yako.

Alitaka. Ulipojenga nyumba alisema mikeka mitano afanye baba yako, wa sita pindo lake ashone yeye, maana ndipo Nahoko atakapokaa akiangalia bustani. Lakini mikono yake ilikuwa imeshakataa. Sindano ile nzito ilikuwa inamponyoka. Alishona siku kumi na moja, mishono minne, mitano kwa siku, anapumzika, anaendelea. Alipomaliza akavaa miwani akaliangalia. Limekwenda kama njia ya konokono. Alilia, Nahoko. Mke wangu alikuwa fundi, aibu ya fundi unaijua. Akasema, "Tokuji, usimpelekee mtoto kitu hiki kwenye nyumba yake mpya. Mshonee lililonyooka, umwambie ni la kwangu." Nikamshonea. Ukalisifu, ukanishukuru mimi kwa kumruhusu ashone, ukaniandikia barua nzima kuhusu mishono. Nitasema nini? Baadaye alikufa, ikawa vigumu zaidi.

La kwake halisi aliniambia nilitupe. Hilo nilimkatalia. Nililishonea kwenye mkeka wangu wa kulalia. Ulidhani kwa nini sitaki kitanda mlichotaka kuninunulia? Nimelala na pindo hilo upande wa mkono wa kulia miaka yote hii. Yone anapenda kulala juu yake, na hapo ndipo alipozalia watoto wake, huyo Mugi wako akiwemo. Nililifua, ila sikulifua sana.

Uliposema huwezi kumpoteza mara mbili, nikaona mimi ndiye niliyekunyima mara ya kwanza. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Nilitaka niwe nalo peke yangu.

Vipimo vya chumba chako bado ninavyo ukutani. Nimetengeneza mkeka mpya wa sita kwa mafunjo mazuri niliyobaki nayo, nikalifumua pindo la mama yako, nikalishonea huko. Lilipungua urefu wa kidole, nikaunga kwenye kona. Mishono yake nimeipitisha kwenye matundu yale yale. Haijanyooka. Mtu akikuuliza kama ni mashine, mcheke. Gari la mizigo litakuletea tarehe 28.

Mkeka ule wa zamani ni kazi ya mikono yangu mimi, na mbwa ameukojolea miezi miwili na zaidi. Mimi sina kinyongo. Ukate vipande vipande, uweke chini ya ukingo wa paa ambako mvua haifiki, Mugi ajisaidie kwa raha zake. Hakuna fundi wa mji huu aliyewahi kuenziwa hivyo.

Na ukiamua kumrudisha, mrudishe. Sitakusema. Yone atamtambua. Ila usimrudishe kwa sababu ya pindo langu.

Mwambie Shunpei apone mafua.

Baba


Okayama, 1 Julai

Kwako Baba,

Natumaini umelala vizuri, ingawa nina swali kuhusu hilo, litakuja.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikakaa kwenye sakafu ya Shunpei, nikalia mpaka Mugi akaja kunilamba masikio. Nilikukasirikia dakika kumi hivi. Nilizihesabu kwa ile saa ya taulo. Halafu zikaisha.

Mkeka ulifika Ijumaa. Shunpei na dereva waliutoa ule wa zamani, wakauweka huu. Waliuingiza bila kupima, ukaingia kama droo. Nilifunga mlango nikalala kifudifudi, pua yangu kwenye pindo. Baba, mishono ile! Kuna mahali amekosa kabisa akarudi. Kuna mahali ameshona mara tatu shimo moja. Nimeweka kidole kila mahali alipopumzika, na nadhani najua siku ya sita ilikuwa mbaya sana. Lile la kwako lilikuwa zuri, ila halikuwahi kunisemesha. Hili linaongea.

Jumapili, tarehe 30, funguo za gari zilikuwa mezani. Boksi la machungwa lilikuwa mlangoni. Wakana alishajua, hakulia, alikuwa amemfunga Mugi utepe wake mwenyewe wa nywele shingoni. Mvua inanyesha. Sikuwa nimeamua, Baba, nakwambia kweli. Nikasema moyoni, ngoja nione. Nikafungua mlango wa kile chumba.

Mugi akaingia. Akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa sita. Shunpei akasema, "Haya, tumekwisha." Wakana akafumba macho kwa viganja. Mugi akanusa pindo kutoka kona hii mpaka kona ile, polepole, mkia umeshuka. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Mimi nimeshika mlango, sipumui.

Akalala. Akaweka kidevu juu ya pindo la mama, akatoa pumzi ndefu kama mzee aliyetoka shambani, akalala usingizi. Wala hakutikisa sikio Wakana alipoanza kupiga kelele.

Shunpei ndiye aliyeelewa. Alipiga magoti akanusa, akasema, "Pana harufu ya mama yake. Hawezi kukojoa hapo, hapo ni kwao." Kisha akanusa tena akasema, "Pana harufu ya baba mkwe pia." Akazichukua funguo za gari akazirudisha kwenye ndoano.

Alipoamka, Mugi alikwenda mwenyewe mlangoni akakwaruza. Tukamfungulia. Alijisaidia chini ya ukingo wa paa, kwenye kazi ya mikono yako. Nilimsifu kwa sauti nzito. Wakana amesema na mimi jana jioni. Ameniambia nimsogezee mchuzi.

Sasa swali langu. Pindo umelileta huku, na huo mkeka wa kulalia umeufumua. Baba, wewe sasa unalala kwenye nini? Na Yone je, analala wapi? Swali hili usinijibu kwa barua. Chumba kina mikeka sita na usiku hakuna anayelala humo ila mbwa.

Binti yako,
Nahoko


(Postikadi) Yatsushiro, 6 Julai

Nahoko,

Mimi mzima. Tunakuja Jumamosi ijayo, mimi na Yone. Ogata anatuleta kwa gari lake, anataka kumwona mbwa kwa macho yake. Nitakaa mpaka sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, baada ya hapo tutaona. Nilazeni upande wa mkeka wa sita.

Kumbe nilisahau. Ongeza vipande chini ya ukingo wa paa. Yone naye nilimfundisha hivyo hivyo.

Baba